Chelewa

Nyumba imekuwa kimya tangu saa moja unusu asubuhi. Chai yangu imepoa, na mbele yangu pana njiti mbili za chelewa ambazo sijapata moyo wa kuzitupa.

Hizi njiti nilizing'oa kwenye ufagio wa uani mwezi wa kumi na mbili. Sisi wa Lamu wenye dada Mombasa hatuna haja ya kusafiri na watoto kwa ajili ya viatu. Unamsimamisha mtoto sakafuni, unalaza njiti toka kisiginoni hadi kidole gumba, unakata, unafunga uzi wa rangi ujue ipi ya nani. Njiti zinavuka kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, zinapanda basi, na siku nne tano baadaye viatu vinarudi kwa njia hiyo hiyo. Safari hii dada yangu alizirudisha njiti ndani ya viatu, kila moja kwenye kiatu chake, na ujumbe: "Nimeongeza upana wa kidole. Usiniulize."

Alijua anachofanya. Likizo ya mwisho wa mwaka ni miezi miwili, na miezi miwili ya kucheza mchangani bila viatu hutanua mguu. Vile vya muhula wa tatu vilikuwa vizima, vinang'aa, ila hakuna mguu uliokubali kuingia. Binti anayeingia gredi ya 4 alilia. Kaka yake alicheka, kisha vyake navyo vikamgomea.

Njiti ya huyu kijana ndiyo iliyonishika. Nilipoikata, bila kukusudia nikaiweka juu ya ndara yangu. Ikazidi. Miaka kumi na miwili nimemnunulia viatu nikiongeza nafasi ya kukua, na siku moja mguu ukanipita nikiwa nimeshika kisu cha jikoni.

Lakini nilitaka kuandika kuhusu usingizi.

Mwaka jana asubuhi zetu zilikuwa za makelele. Baba yao huondoka baada ya sala ya alfajiri kwenda kwenye mashua, kwa hiyo vita vya kuamsha ni vyangu peke yangu. Ngazi za nyumba hizi za mawe ni kali, na mimi nilikuwa nikisimama chini napaza sauti mpaka jirani wa ukuta wa pili anaamka kabla ya wanangu. Wakifika mlangoni, punda aliyebeba mchanga ameziba njia, na hapo ninamlaumu punda. Mara tatu katika muhula mmoja niliitwa kuulizwa mbona wanachelewa. Nilisema njia nyembamba. Nilisema mtoto mzito wa kuamka. Shangazi yao aliposikia akanirushia ile ya wazee, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," nami nikamwambia methali hiyo ni ya wachumba, si ya wanafunzi.

Basi safari hii nikaanza mapema, siku kumi kabla ya shule kufunguliwa. Nikatangaza kulala saa tatu unusu. Usiku wa kwanza saa nne ikapita, saa nne unusu ikapita, kijana yuko macho anahesabu boriti za dari. Nikamkaripia. Akageuka, akaniambia taratibu, bila utovu wa adabu:

"Mama, waniambia nilale, nawe u kitako?"

Nilikuwa kitako, kweli. Mimi nashona kofia za mkono, zile zinazokula miezi kwa kofia moja, na Ramadhani ikiwa karibu kila mwenye kanzu mpya anaitaka yake kabla ya Idi. Kwa hiyo taa ya ukumbini huwaka hadi saa sita. Sindano mkono mmoja, simu imeegemezwa ukutani inaimba na kuzungumza. Chakula cha usiku nacho huwa tayari nikishamaliza safu ninayoshona, iwe saa tatu, iwe saa nne. Nyumba zetu milango ya vyumba ni mapazia tu: taa ya mmoja ni taa ya wote, na redio ya mmoja ndiyo ndoto ya mwenzake. Nilikuwa nimewaamuru watoto walale ndani ya nyumba iliyo macho.

Sikumjibu. Nilizima taa kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa yake.

Kesho yake nikaanza na sufuria. Tukala mara tu baada ya magharibi, watu wakashangaa kama waliohamia mji mwingine. Kofia nikaihamishia mchana, kwenye daka la mlangoni, penye mwanga wa bure. Simu nikaiweka ndani ya kidaka cha ukutani cha juu kabisa, pale wazee walipokuwa wakipamba kwa sahani za kaure; kuifikia lazima upande kiti, na kiti kinalia. Usiku wa tatu nilipanda kiti. Usiku wa sita pia. Kuna mteja mmoja wa kofia, nilijipa sababu.

Mengine yalikwenda kwa haraka. Sare zilifuliwa zote siku moja. Upepo wa kaskazi ukazikausha kabla sijamaliza kuanika, na soksi moja ikaangukia dari ya jirani, ikarudishwa ikiwa imefungwa ndani ya gazeti pamoja na embe. Tukajalidi madaftari kwa karatasi ya khaki. Manila, gundi, rangi na makopo matupu ya miradi ya CBC, mtaala huu wa umilisi, nikavitia kwenye kikapu kimoja tangu sasa, maana najua siku itafika ambapo mtoto atakumbuka saa mbili za usiku kwamba kesho anatakiwa na kopo.

Nilipokuwa nahesabu pesa za hayo nikamkumbuka mama. Mwaka 2003, karo ya shule za msingi ilipoondolewa, mimi nilikuwa darasa la tano. Mama alisuka mikeka, na pesa za shule alikuwa akizifunga kwenye pembe ya leso. Tulipoambiwa karo hakuna, aliendelea kufunga fundo lile lile. Karo imeondoka, alisema, sare haijaondoka. Sikumbuki akipaza sauti asubuhi. Nakumbuka tu kwamba taa ya chemni ilizimwa mapema, nami nikidhani ni kwa sababu mafuta ni ghali. Huenda ilikuwa hivyo tu.

Kijana anaingia gredi ya 7. Uwanja ni ule ule, kwa kuwa tangu 2023 sekondari ya msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, lakini sasa kila somo lina mwalimu wake, na yeye anajiona kama aliyehamia ng'ambo. Amekwisha niambia kwamba atakwenda na wenzake, dada yake nitampeleka mimi. Nikasema sawa, upesi mno, asije akaona uso wangu.

Jana usiku tulikula wali na samaki wa kupaka, madaftari yakaingia mikobani, saa tatu unusu nikazima taa zote, na kofia nikaifunika kwa kanga nisiione. Nikalala chali gizani kama mtoto aliyelazimishwa. Mikono haikujua pa kukaa. Nikasikia bahari, nikasikia punda wa mtu, nikafikiria kiti na kidaka.

Kisha nikasikia ko, ko, ko, juu ya sakafu ya chumba chao. Hatua tatu, kimya, hatua tatu tena. Alikuwa amevaa viatu vipya, anatembea gizani toka kitandani hadi dirishani na kurudi, polepole, akidhani nimelala.

Neno "Lala!" lilikuwa ulimini tayari. Nikalimeza, nikavuta shuka, nikajifanya nakoroma. Ilikuwa saa nne na robo.