Gubigubi: nilivyolifasiri neno "smothering"

Nilikuwa nafasiri simulizi ya kijana wa Uingereza aliyelelewa na mama peke yake, nikakwama siku mbili kwenye neno moja: smothering. Ndilo alilotumia kuueleza upendo wa mama yake. Kamusi ikanipa kuziba pumzi. Nikaandika "upendo wake ulimziba pumzi", nikausoma mstari kwa sauti, nikaona nimemgeuza mama wa watu kuwa muuaji.

Nikajaribu kuganda. Lakini anayeganda kama kupe, Waingereza wana neno lake, clingy, na huyo anataka apewe. Mama huyu hataki kitu. Anatoa yeye: chakula, sweta, ushauri, simu asubuhi na simu jioni, mpaka mtoto hana pa kusogea. Hapo nikarudi kwenye asili. Smother, katika Kiingereza cha enzi za kati, lilikuwa jina la moshi mzito unaokaba. Mpaka leo kitenzi chake hutumika kwa moto: unautupia blanketi zito, hewa haiufikii, unazimika. Aliyeuzima hakuupiga wala hakuumwagia maji. Kaufunika tu.

Jioni ile mvua ilinyesha hapa Tanga. Mama akamchukua mjukuu wake, akamvika soksi, akamzungushia kanga mbili, na juu yake blanketi. Kilichobaki nje ni pua, nayo imetota jasho.

"Mama, mtoto anakosa hewa."

"Na baridi hii, mwanangu? Mwache alale gubigubi."

Niliiacha chai nikakimbilia daftari. "Mama alimfunika gubigubi kwa mapenzi." Ukaribu umo, joto limo, kukosa hewa kumo humo humo, na mama bado ni mama.

Sikuling'ang'ania kila mahali. Bibi akimwangushia mjukuu mabusu usoni kote, Mwingereza hutumia kitenzi hicho hicho, tena kwa furaha. Mimi nikaandika kummiminia mabusu. Kikishakuwa kivumishi ndipo kinapogeuka, karibu kila mara ni malalamiko, na mfasiri asiyeliangalia hilo atamfanya mtu alalamike pasipo na kisa. Kurasa chache baadaye neno likarudi, safari hii kwa joto la chumba kisicho na dirisha. Gubigubi likakataa kabisa. Pale nimeweka fukuto.