Mdogo wangu mwenye usonji sasa ana chumba chake, Pasua

Nimechoka kuambiwa "mrudishe tu kihambani dada, akae na wazee", yaani kijijini kwenye shamba la ukoo. Mdogo wangu ana miaka 26, ana usonji (autism) na kujifunza kwake kunaenda taratibu sana, na tangu magoti ya mama yaanze kusumbua, kila kikao cha ukoo mada ni yeye. Mjomba anataka apelekwe maombi mpaka apone, shangazi anataka afungiwe geti. Jamani, usonji sio malaria, mtu anazaliwa nao na anazeeka nao. Aliyenipa nguvu ni afisa ustawi wa jamii, aliniambia kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, Tanzania tuliuridhia 2009, na kifungu cha 19 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Nikayabeba hayo mpaka kikaoni, baba mkubwa akanyamaza, basi ikapita.

Tukapata chumba Pasua, hapa Moshi mjini, geti moja na mimi. Kodi na hela ya kijana wa kumsaidia tunachanga ndugu watatu, inakuja kama laki mbili hivi kwa mwezi, kuna mwezi inazidi.

Kijana wa kwanza alikuwa na moyo mzuri mno na ndio ilikuwa shida. Anamfulia, anamkorogea uji, mpaka vifungo vya shati anamfunga yeye. Miezi miwili tu, mdogo wangu ambaye kwa mama alikuwa anaoga mwenyewe nikamkuta amesimama bafuni na ndoo mbele yake, anasubiri kumwagiwa maji. Nililia siku ile. Wa pili nilimwambia mapema, kabla hujanyoosha mkono kumsaidia hesabu kwanza mpaka ishirini kimoyomoyo, mara nyingi ukifika kumi na tano keshafanya mwenyewe.

Halafu zile picha za ukutani za kumwonyesha cha kufanya asubuhi, watu wanakwambia dauniloadi katuni. Nilifanya hivyo, akawa anaziangalia tu, haoni zinamhusu nini, maana ndoo ya kwenye katuni ni nyekundu na yake ni ya bluu! Nikapiga picha kwa simu, ndoo yake, mswaki wake, chupa yake ya chai yenye mfuniko uliopasuka, stesheneri wakanitolea, nikabandika. Siku ya tatu hakuna aliyemkumbusha kupiga mswaki. Kwa spika za jirani nilimnunulia vile vizibo vikubwa vya masikio wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma, analala navyo karibu.

Sasa daladala. Alipata kazi Mbuyuni kwa mama mmoja wa mayai, anapanga trei, mayai 30 kila trei, na lenye ufa halimpiti hata liwe na mstari kama unywele. Wiki mbili nilikaa naye siti moja, kisha siti ya nyuma yake, kisha ya mwisho kabisa, kisha nikaanza kuifuata daladala na bodaboda, nimevaa helmeti asinijue. Hela ya boda ilinimaliza aisee. Siku ya nne konda anagonga bodi, "shukeni wote, tunakatisha ruti". Watu wakashuka, yeye kakaa, kwake gari haijafika haijafika. Konda akamvuta mkono, mdogo wangu akaanza kupiga kelele na kujigonga kichwa kwenye kioo, nje watu washasema ana mashetani. Nikaingia, sikumgusa, nikakaa siti ya jirani kimya kabisa, kama dakika ishirini, mpaka pumzi yake ikatulia. Konda analia na hesabu ya bosi, nikampa elfu tano.

Usiku ule sikulala nikapata wazo. Nikatengeneza kadi, upande mmoja picha ya daladala nimeichora mkasi mkubwa mwekundu, upande wa pili picha ya bodaboda, jina la kwa mama wa mayai na namba yangu. Lakini kadi bila mazoezi ni karatasi tu, kwa hiyo nikamfuata konda yuleyule, nikamweleza mdogo wangu ni nani, nikamwomba Jumapili abiria wakiwa wachache atukatishie ruti makusudi. Alikubali! Jumapili nne mfululizo anagonga bodi, anasema "mdogo wangu, ruti imekatika, toa kadi", na mara ya nne alitoa hata kabla konda hajamaliza kusema. Yule konda sasa anamwekea siti ya dirishani kila asubuhi.

Juzi gari imekatisha kweli, na konda alikuwa mwingine. Nipo jikoni simu inaita, dereva boda simjui, "dada kuna kijana kanionyesha kadi hapa, nimpeleke?" Nikamwambia mpeleke, asimshike tu mkono. Robo saa mama wa mayai akanitumia meseji, "kafika, yuko trei ya pili".