Rangi ya Njano Ambayo Sikuikata

Mimi ni mtu wa mbao. Mbao ukikosea inakwambia papo hapo, patasi inakwama au nyuzi zinachanika, nawe unajirekebisha. Akriliki, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, haisemi kitu. Inakuacha umalize kazi yote, halafu ndiyo inakuumbua.

Nilikata vipande saba vya milimita 3: viwili vyekundu, viwili vya kijani, viwili vya bluu, na kimoja cha rangi ya machungwa, ile inayowaka kingo. Kila kimoja nilikipa mpindo wake, kirefu zaidi sentimita 40. Nikavisimamisha kwenye ubao niliouchimba mifereji, kimoja nyuma ya kingine, vikakaribiana kama kurasa za kitabu. Sikutaka sanamu ya mtu, mnyama wala mti. Nilitaka kitu ambacho mwanga ukipita ndani yake, mtu akiangalie bila kuuliza kinafanana na nini.

Nikaweka taa nyuma. Mbele kukatoka weusi. Weusi mchafu wenye uhudhurungi kwa mbali, kama kioo cha chemli ambacho hakijafutwa wiki nzima.

Siku tatu nilihangaika. Nilibadilisha mpangilio, nikaleta taa kali zaidi, nikavilaumu vipande vyenyewe. Kosa lilikuwa kichwani mwangu. Nilidhani kila kipande kinautia mwanga rangi, kumbe kila kipande kinaupunguza. Chekundu kinaruhusu nyekundu ipite na kuzimeza nyingine karibu zote. Hiyo nyekundu iliyosalimika ikifika kwenye kijani, nayo inamezwa. Kinachobaki ni hayo masizi. Taa kali zaidi ingewapa tu wale walafi wawili chakula kingi zaidi.

Katikati ya hayo nikajiongezea balaa jingine. Kile kipande cha machungwa kinawaka kingo kwa sababu rangi iliyomo ndani yake inapokea mwanga na kuutoa upya, na sehemu kubwa ya mwanga huo inashindwa kutoka kupitia usoni. Ukigonga uso kutoka ndani kwa mlalo mkubwa, zaidi ya nyuzi 42 hivi kutoka wima wa uso, unarudishwa. Unadundadunda humo ndani mpaka ufike ukingoni. Kwa hiyo ukingo lazima uwe laini. Njia ya kistaarabu ni msasa wa maji, namba 240, 400, 800, mpaka 1200, halafu dawa ya kung'arishia na kitambaa. Mimi nikaona uvivu, nikapitisha moto. Uling'aa mara moja, nikajipongeza. Jioni nikapaka gundi ile inayoyeyusha plastiki yenyewe, ili kishikane na tako lake. Asubuhi ukingo mzima ulikuwa umejaa nyufa nyembamba kama unywele, mamia, zote zimeelekea ndani. Moto huacha mkazo kwenye plastiki, na gundi ya namna ile ikikuta mkazo inaufumua. Nimekiacha kile kipande hivyo hivyo. Nyufa zinashika mwanga vizuri kuliko ukingo wenyewe, ingawa sitamwambia mtu kwamba nilikusudia.

Kilichoniokoa ni kuacha kuikodolea sanamu macho. Nilimkumbuka László Moholy-Nagy, msanii mzaliwa wa Hungaria, ambaye mwaka 1930 alikamilisha mtambo wa chuma na plastiki unaozungushwa na mota. Mtambo wenyewe unapendeza, lakini kazi yake kubwa iko kwenye kuta na dari, pale vivuli vinapotembea. Basi nikavitenganisha vipande vyangu, nikavipanga upana kama mapezi, na badala ya taa moja nikaweka mbili: ya kushoto ipite kwenye wekundu, ya kulia kwenye kijani. Nikazima ya chumbani.

Ukutani kulikuwa na doa jekundu na doa la kijani, na pale yalipopandana palikuwa njano. Njano iliyoiva kabisa. Nilisogeza taa ya kulia kidogo, njano ikasinyaa, nikairudisha, ikanenepa. Nilihesabu vipande tena kama mtu aliyeibiwa, ila mimi nilikuwa nimeongezewa. Hapakuwa na cha njano hata kimoja. Mwanga juu ya mwanga unajumlishana. Plastiki juu ya plastiki inapunguzana. Jambo hili nilikuwa nimelisoma, lakini mikono yangu ilikuwa haijalisoma.

Nikamwita mpwa wangu aje aone. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Mjomba, sasa hii ni nini?"

"Wewe unaona nini?"

"Naona plastiki."

"Usiangalie plastiki. Nyoosha mkono mbele ya ukuta."

Akanyoosha. Mikono miwili ikatokea ukutani, mmoja mwekundu, mwingine wa kijani, maana alipoziba taa ya kijani wekundu ulibaki, na alipoziba nyekundu kijani kikabaki. Akacheka, akatikisa vidole, akaanza kuikutanisha mikono ile kwa kuusogeza wake karibu na ukuta. Vivuli vikasogeleana, vikapandana vidole kwa vidole, na pale katikati, katika umbo la kiganja chake, ukarudi ule weusi niliohangaika nao siku tatu, safari hii ukiwa safi.

"Usiutoe," nikamwambia, nikaanza kutafuta penseli.