Mida mwezi wa Aprili: ndege alasiri, nondo usiku

Nilingoja bamvua la mwezi mwandamo, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maji. Pale Mida Creek, hori la bahari pwani ya Kenya, kuwaona ndege vizuri hutegemea maji kuliko darubini. Yakipwa, wanatawanyika kwenye tope lote mpaka ukawa unahesabu madoa yanayotembea. Yakijaa kabisa, wanaruka kwenda kupumzika kwenye mikoko. Katikati ya hapo kuna muda mfupi ambapo maji yanapanda taratibu na kuwasukuma upande wako, hadi rangi ya miguu inaonekana bila kubahatisha. Sababu ya pili ni giza, nitaifikia.

Miezi mingine kitwitwi, ndege wadogo wa topeni, ni mtihani. Wote kijivu, wote wana haraka. Aprili wanajitambulisha wenyewe, kwa kuwa wameshavaa manyoya ya kuzalia. Calidris ferruginea, yule mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, amekuwa mwekundu kama tofali kuanzia usoni hadi tumboni. Alasiri hii wengine walikuwa wekundu kamili, wengine mabaka mabaka, na wote wanene. Mafuta yale ndiyo masurufu yao: wanakwenda kutaga Siberia, kule kaskazini kabisa penye baridi. Walio kijivu bado huenda ni wale wa mwaka wao wa kwanza, na wengi wa rika hilo hawaondoki. Hubaki hukuhuku mpaka wenzao warudi.

Niliyemfuata hasa ni mla-kaa, Dromas ardeola. Mweusi na mweupe, mdomo mnene usiolingana na mwili, na mwendo wa mtu asiyedaiwa. Anakimbia hatua chache, anasimama, anatazama, kaa hana pa kwenda. Huyu haendi mbali kama kitwitwi. Huzalia pwani za Uarabuni na Bahari ya Shamu, na huchimba shimo mchangani akataga yai moja tu humo, ambako joto la mchanga linasaidia kazi ya kuatamia. Kinda humtegemea mzazi muda mrefu mno. Hata huku kwetu utamkuta jitu zima likimfuata mama likilalamika njaa. Leo walikuwa wachache. Kundi lililokuwapo wakati wa kaskazi limepungua, nami silaumu mtu, upepo umegeuka. Tangambili, kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, imekwisha, kusi limeanza kuleta mawingu ya masika. Majahazi ya zamani yaliyokuja na kaskazi yalingoja upepo huuhuu kurudi Arabuni.

Sasa giza. Bamvua huja mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, na mwezi mpevu huidhoofisha taa ya kuwavuta nondo. Kwa hiyo mwandamo unakupa maji ya ndege na usiku wa nondo kwa mkupuo. Nilitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, nikaandaa taa ya urujuanimno. Jirani akachungulia juu ya ua: "Mwenzangu, watu wanafukuza wadudu, wewe unawaalika!"

Kabla ya kuiwasha nilisimama kwanza chini ya mipapai, maana magharibi ndiyo saa ya nondo wakubwa. Alikuja Agrius convolvuli, akaning'inia hewani mbele ya ua la mpapai bila kutua, ulimi mrefu ukizama ndani. Mpapai jike unahitaji chavua ya mpapai dume, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya nondo wa kabila hili. Papai huliwa na wote, mchavushaji hatajwi. Tena kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu, kwa hiyo shambani anajulikana kwa ubaya tu. Na ni msafiri vilevile: nondo wa aina hii hutoka Afrika wakafika hadi Ulaya.

Shukani hawakukosekana. Daphnis nerii wa kijani chenye mawimbi ya waridi alitua akatulia, mzuri kupita kiasi, na kiwavi wake hula mioleanda yenye sumu bila kudhurika. Lakini waliojaa ni wadogo wa kahawia, ambao kwa maoni yangu ndio wa kuandikwa kwa makini zaidi. Nondo wa viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, ni mmoja wa hao wasiovutia. Asili yake ni Amerika. Alithibitishwa Afrika 2016, na 2017 alikuwa ameshaingia kwenye mahindi ya Kenya. Ndege wana watu wa kuwahesabu kila msimu. Hawa wana sisi wachache wenye mashuka.

Na mijusi kafiri, ambao wameshajua maana ya taa ile. Mstari wa mwisho daftarini usiku huu unasomeka hivi: mkubwa, kijivu, mabawa ya nyuma manjano, ameliwa kabla ya picha.