Dishi na madoa ya Jua: nahamia megahezi 2,800

Dishi la sentimita 60 sasa linapokea mawimbi ya redio ya Jua bila usumbufu. Nalielekeza mbele kidogo ya Jua, naliacha, na mstari kwenye skrini unapanda na kushuka wenyewe. Kilima hicho, kikipimwa katikati ya kimo chake, kina upana wa dakika 13 hivi. Dishi linaona nyuzi 3 za anga kwa mkupuo na Jua lina nusu nyuzi tu, kwa hiyo umbo la kilima ni la dishi.

Kinachonifanya nihame ni masafa, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde. Juu ya doa la Jua, elektroni huzunguka mistari ya sumaku, na kila gausi 1 (kipimo cha nguvu ya sumaku) huzipa mizunguko milioni 2.8 kwa sekunde. Mawimbi ya redio hutoka kwenye vizidishi vya kasi hiyo (mara mbili, mara tatu na kuendelea), hasa cha pili na cha tatu. Kwenye gigahezi 11 ninazotumia, hata kizidishi cha tatu kinadai gausi 1,300, tena huko juu kwenye korona, tabaka la nje la Jua, ambako sumaku imeshapungua sana. Ni madoa makubwa tu yanayofikia hapo. Kwenye megahezi 2,800, yaani gigahezi 2.8, gausi 333 zinatosha!

Wakanada wanapima nguvu ya redio ya Jua kwenye masafa hayo tangu 1947. Namba yao hukaa karibu na 70 Jua likitulia, na hupita 200 madoa yakijaa. Aliyeanzisha, Arthur Covington, naye alikuwa na dishi lisiloweza kutenganisha doa na doa. Tarehe 23 Novemba 1946 Jua lilipopatwa, aliuacha Mwezi umfanyie kazi: ulipofunika kundi kubwa la madoa, nguvu ya redio ikaporomoka. Kwangu hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote vya enzi ile.

Antena mpya, itakayokaa mbele ya dishi, ni ya waya wa kujiviringisha. Mzingo wake uwe urefu wa wimbi moja, sentimita 10.7, yaani kipenyo cha milimita 34. Bomba la plastiki la milimita 32 na waya wa milimita 2 vinafika hapo kamili. Nazungusha mbili, moja kulia, nyingine kushoto, kwa sababu ncha za sumaku zinazopingana hutoa mawimbi yanayozunguka kinyume. Wimbi likigonga dishi hugeuza mwelekeo, kwa hiyo waya wa kulia unapokea la kushoto. Nimeziandika kwa kalamu kabisa.

Linalofuata ni dishi la mita 1.8, kisha kulinganisha ardhi yenye joto na anga baridi, ili nijue namba za skrini zina maana gani.