Siku moja ya mkunga: kutoka feri ya Likoni hadi kliniki ya wajawazito

Saa 12 na robo asubuhi niko kwenye feri, nimebanwa kati ya baiskeli na kapu la mahamri.

Saa 2 benchi limejaa. Mimi naanza na presha. Mama akae dakika 5, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mazungumzo baadaye. Ukimpima aliyeshuka matatu sasa hivi, unapima mbio zake.

Saa 4 kasorobo. Dada mmoja, mimba ya wiki 31, ananiwekea karatasi ya maabara mezani. "Sista, lehemu, hii kolesteroli, iko juu. Nimeacha hata samaki." Nimeumia. Mwezi mzima anajinyima kwa sababu ya nambari ambayo hakuna aliyemfafanulia! Lehemu hupanda kwa wajawazito wote. Ndiyo mwili hutengenezea homoni na kumjengea mtoto. Yale mafuta mengine ya damu, trigliseridi, miezi ya mwisho huweza kufika hata mara tatu ya kawaida. Ni kweli wenye mafuta yaliyozidi mno hupatwa zaidi na presha ya mimba, lakini karatasi ile haiwezi kukwambia nani atapatwa na nani atasalimika.

"Nipe mkono, mwanangu."

148 kwa 96, iko juu. Nasubiri, narudia: 146 kwa 94. Kijiti cha mkojo, kilichokuwa manjano, kinageuka kijani: kuna protini. Pete imezama kidoleni, haizunguki.

"Kichwa chauma?"

"Tangu jana. Nikadhani ni jua."

Simwachi aende peke yake. Namsindikiza hadi kwa daktari. Analazwa, damu inachukuliwa kupima figo, ini na chembe za kugandisha damu. Mama mkwe anapiga simu: "Si ni mafuta tu? Tumpe ndimu." Namwambia, mama, hii ni presha ya mimba, shida imeanzia kwenye kondo la nyuma, na bila kutibiwa huweza kuishia kifafa cha mimba. Ndimu haifiki huko.

Saa 7, viazi karai viwili nikiwa nimesimama.

Saa 8 anakuja mwingine, wiki 13, aliyepatwa na presha hiyo katika mimba iliyopita. Huyu amewahi: daktari anamwanzishia aspirini ya kipimo kidogo, ambayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki 16.

Saa 12 jioni, kivukoni, simu kutoka wadi: 138 kwa 88. Kichwa kimetulia, mtoto anacheza. Ameomba samaki.