Mwindaji wa Saa Sita Mchana

Kiangazi nilichokaa Bautzen, mashariki mwa Ujerumani, nilikuwa nachora Dziwica, mwindaji wa kike wa misituni katika hadithi za kale za Wasorbi, Waslavi wachache waliobaki Lusatia, eneo la huko. Wapoland wanaye wao, Dziewanna. Jan Długosz, mwandishi wao wa historia wa karne ya 15, alimfananisha na Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi, na wachoraji wengi wakamvika mambo ya Diana: usiku, mwezi, ngozi nyeupe kama marumaru. Nami nilikuwa nimeshapaka anga la buluu nzito.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga, Msorbi, alipoliona akaniambia Dziwica hatoki usiku tu. Hutoka na mchana, jua likiwa katikati. Zamani mtu akikawia msituni saa hiyo, wenzake walimuuliza kama haogopi Dziwica asije akamtokea na mbwa wake.

Mwili ulinisisimka. Nimekulia Tanga, na kwetu saa hiyo ni ya wenyewe. Mama hakutuachia kupita chini ya mbuyu jua la utosi. Huyu sasa nilimwelewa.

Kanvasi ile nikaigeuzia ukutani, nikabeba brashi mpaka kwenye misonobari. Tabu ilikuwa uso. Jua la mchana hutia macho giza na kumzeesha mtu, na mimi nilimtaka kijana, anayetazama mbele bila kukunja paji. Halafu jua la huko halifiki utosini hata mwezi Juni, kwa hiyo kivuli hakijikusanyi miguuni kama cha Tanga, kinalala pembeni. Mchanga ndio ulioniokoa. Misitu ile imeota juu ya mchanga mweupe, na penye uwazi mwanga unagonga chini na kurudi juu. Nikampaka mwanga huo chini ya kidevu, kwenye pua, mpaka ndani ya kope, kwa manjano hafifu yenye tone la waridi. Vivuli sikuvitia nyeusi hata kidogo. Nilichanganya buluu na kahawia iliyoungua. Uso ukainuka. Mpaka leo naamini mungu wa mchana anatisha kuliko wa usiku, maana unamwona wazi na bado huna pa kukimbilia.

Bibi alikuja kuitazama rangi ikiwa bado mbichi. Kuhusu uso hakusema neno. Alihesabu mbwa, wawili, akasema mwindaji kama huyu hatoki na mbwa wawili. Kesho yake nikaongeza wengine, ndimi nje, wakihema kwa joto.